Kona ya Birere na Maduka Yake: Mwenye Duka Aliingia kwa Mlango Gani?

Mazungumzo ya redio juu ya amani na haki. Yamepigwa chapa ili yasomwe katika familia, katika vikundi na katika barza za wazee.

Nasema zaidi nanyi mlioacha nyumba zenu kwa sababu ya vita, na mnaosikiliza maneno haya katika nyumba ya jamaa, katika darasa la shule ao chini ya hema. Na wewe uliyeyapata kwenye karatasi, tafadhali msomee jirani asiyejua kusoma.

Mimi nilisomea sheria, lakini leo sitaanza na sheria. Nitaanza na kona ya mtaa. Kila mtaa una kona yake, pale avenyu mbili zinapokutana, watu wananunua chumvi na wanapata habari. Ukimwuliza mtu wa hapo, «Duka lile ni la nani?», mara nyingi hakutajii jina. Anakutajia kabila, ao anakuambia tu, «Ni la wale.» Neno hilo «wale» ndilo linalonileta mbele yenu leo.

Tangu miaka hamsini na zaidi, maduka ya kona zetu yamebadilisha wenyewe mara nyingi. Kila mara tunauliza: aliyeingia ni mtu wa wapi? Mimi nataka tuulize swali lingine: aliingia kwa mlango gani? Aliingia kwa kununua, kwa kupanga, kwa kurithi, ao kwa nguvu? Tukifuata historia ya kona moja tu, tutaona kwamba swali la pili ndilo linaloeleza kwa nini kona ilipona ao iliugua.

Pembe nne

Kona ninayoisema iko Birere, mjini Goma, si mbali na barieri ndogo ya kuingilia Gisenyi. Sitataja jina la avenyu, kwa sababu watoto wa wenye maduka wako hai, na kwa sababu kona hii inafanana na kona ya Bukavu, ya Butembo, ya Uvira na ya Bunia. Mambo ya zamani niliyapata kwa wazee wa avenyu. Yale ya karibu niliyaona mwenyewe.

Wazee wanasema kona ilikuwa na pembe nne. Pembe ya kwanza ilikuwa duka kubwa la Mgiriki. Aliuza chumvi, sabuni, vitenge, majembe na petroli ya taa. Pembe ya pili alikaa fundi wa cherehani, chini ya baraza. Pembe ya tatu ilikuwa mashini ya kusaga muhogo na mahindi. Pembe ya nne ilikuwa uwanja mtupu, ambapo akina mama walipanga sombe, ndizi na maharagi.

Mgiriki hakuwa malaika. Wazee hawasahau kwamba wakati wa ukoloni mtu mweusi alinunulia dirishani, na kwamba kilo ya Mgiriki ilikuwa nyepesi kuliko kilo ya watu wengine. Lakini alikuwa na kitabu cha deni. Mwalimu alichukua sabuni leo, akalipa mwisho wa mwezi. Fundi alichukua nyuzi, akalipa baada ya kushona. Mwenye mashini alichukua mukanda na mafuta, akalipa wakati wa mavuno. Mama wa uwanjani aliuza sombe kwa mke wa mwalimu, kisha akanunua chumvi kwa Mgiriki. Hivi pembe nne zilikuwa kama mafiga: ukiondoa moja, chungu kinamwagika.

Mwaka 1973: mlango wa kwanza wa nguvu

Tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara, mashamba makubwa na kazi nyingine za wageni zitapita katika mikono ya Wazaire. Wazee wanaita jambo hilo zairianizasyo. Watu wengi walishangilia, na furaha yao ilikuwa na sababu. Nchi ilikuwa imepata uhuru tangu 1960, lakini duka kubwa la kila kona lilikuwa bado la Mgiriki, la Mreno, la Mhindi ao la Mbelgiji. Mwana wa nchi alikuwa mnunuzi tu.

Ugonjwa ulikuwa wa kweli. Dawa ndiyo ilikuwa mbaya. Maduka hayakuuzwa kwa wale waliojua kazi. Yaligawanywa, na wengi wa waliopewa walikuwa watu wakubwa wa chama, wa jeshi na wa utawala, pamoja na jamaa zao. Kwenye kona yetu kulikuwa na karani aliyefanya kazi katika duka lile miaka mingi. Alijua kila mteja na kila mahali bidhaa zinapotoka. Hakuna aliyemwita. Ufunguo ulipewa bwana mmoja ambaye hata Birere alikuwa hajui vizuri.

Yule bwana aliuza bidhaa zilizokuwa ndani. Makuta yaliyoingia aliyaona yote kuwa faida. Hakujua kwamba sehemu kubwa ilikuwa ya kulipa waliotuma mali, na sehemu nyingine ya kuagiza mali mpya. Akafungua kitabu cha deni, akataka kila mtu alipe siku ileile. Aliyeshindwa alitishwa. Baada ya miezi michache rafu zilibaki tupu. Fundi akakosa nyuzi. Mashini ikakosa mukanda. Akina mama wakatembea mbali kutafuta chumvi. Wahenga walisema, «Mgeni njoo, mwenyeji apone.» Hapa mgeni alitoka, na mwenyeji akaugua.

Mambo ya kona yetu yalikuwa mambo ya nchi nzima. Mwaka 1974 bei ya shaba, ambayo ilikuwa nguzo ya uchumi wa Zaire, ilianguka sana, na maduka tayari yalikuwa yameharibika. Mwaka 1975 na 1976 Serikali ilirudi nyuma: wageni wakaruhusiwa kurudia mali zao, kwanza kwa sehemu, kisha kwa sehemu kubwa zaidi. Wengine walirudi. Mgiriki wa kwetu hakurudi. Lakini ona jambo hili: hata leo wazee wa Birere wakielekeza mtu, wanasema, «Pita pale kwa Mugiriki.» Jina la bwana aliyepewa duka hakuna analolikumbuka.

Mjane na mashini

Sasa nitazame pembe ya tatu, kwa sababu yenyewe ilibadilisha mwenyewe kwa mlango mwingine. Katika miaka ya themanini mwenye mashini alizeeka, akataka kurudi kijijini kwake Rutshuru. Mama mmoja wa uwanjani, mjane, mzaliwa wa upande wa Masisi, alikuwa na akiba ndogo. Yeye na wenzake walikuwa wakicheza likelemba: kila mmoja anatoa kiasi kila juma, na fungu lote linapewa mmoja, kwa zamu. Alilipa nusu, na nusu nyingine akalipa kidogo kidogo mpaka ikaisha. Waliandika karatasi. Majirani wa pande zote walishuhudia, na shefu wa avenyu akatia mkono.

Mashini ile haikufa. Iliajiri vijana wawili, kisha wanne. Akina mama walipata pumba za kulisha nguruwe. Mwenye kusaga wa zamani alikuwa mtu wa kabila moja, mjane alikuwa wa kabila lingine, na hakuna aliyesema, «Wale wametuchukulia mashini.» Kwa nini? Kwa sababu kila mtu aliona mlango alioingilia.

Uwanja wa pembe ya nne nao ulipata bidhaa mpya katika miaka hiyo: sambaza. Leo mtu wa Goma ao wa Bukavu akila bugali na sambaza anaona anakula chakula cha mababu. Lakini sambaza si wa asili ya Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika mnamo mwaka 1959, wakamwagwa katika ziwa letu, wakazaa. Siku hizi hakuna anayewaambia sambaza warudi kwao. Fikirini juu ya hilo wakati mnaposikia mtu akigawanya soko kati ya wenyeji na wageni.

Makuta yasiyoaminika

Kona inaweza pia kuvunjwa bila mtu kushika bunduki. Inatosha kuharibu makuta. Mwaka 1967 zaire moja ilikuwa na thamani ya dola mbili za Marekani. Mwishoni mwa Desemba 1979 Serikali ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 hazina thamani tena. Watu walipewa siku chache tu za kubadilisha, na kwa kiasi chenye mpaka. Aliyeweka akiba yake chini ya godoro, mbali na banki, aliamka maskini. Wazee wanasema fundi wa cherehani alikuwa mmoja wao.

Baadaye mambo yalizidi. Mwezi wa tisa 1991, na tena mwezi wa kwanza 1993, askari wasiolipwa vizuri walianza kupora Kinshasa, na raia wakafuata. Wazee wanaita wakati huo pilaji. Ile ya 1993 ilitokana na noti mpya ya zaire milioni 5, ambayo wafanyabiashara waliikataa. Mwezi wa kumi mwaka huo ikaletwa zaire mpya: moja ilibadilishwa kwa zaire milioni 3 za zamani. Mwaka 1998 ikaja franga kongole: moja kwa zaire mpya 100.000.

Kwenye kona, kitabu cha deni kilifungwa. Nani atakukopesha sabuni leo, ikiwa mwisho wa mwezi makuta yako hayanunui hata kiberiti? Jirani ambaye hawezi tena kukukopesha, pole pole anakuwa mtu usiyemjua. Na mtu usiyemjua ni rahisi kumwogopa. Ndiyo maana nasema fitina za kabila hazikuja peke yake. Zilipata nyumba iliyokwisha kubomoka. Mwaka 1993, mwaka uleule wa noti iliyokataliwa, damu ilimwagika Walikale na Masisi, na familia nyingi zikakimbilia Goma. Uwanja wa pembe ya nne ukajaa watu waliouza nguo zao ili wale.

1994 hadi 2001: wengi wanapita, wachache wanabaki

Mwezi wa saba 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu karibu milioni moja waliingia Goma na pembezoni mwake kwa siku chache. Kolera iliua makumi ya maelfu, na mwamba wa volkano ulikuwa mgumu kuchimba makaburi. Mashirika ya misaada yalifika, yakapanga nyumba kwa dola. Kodi za nyumba na za maduka zikapanda. Mpangaji wa zamani akaambiwa, «Ongeza ao utoke.» Duka la Mgiriki likawa depo ya mahema na mafuta.

Mwezi wa kumi na moja 1996 AFDL waliingia Goma, na kambi kubwa zikavunjika. Mwezi wa nane 1998 vita vingine vilianza. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda sana duniani, na pembe ya kwanza ikawa nyumba ya kununulia mawe hayo. Vijana waliacha shule. Mwaka 2001 bei ikaanguka, na mlango ukafungwa. Katika miaka hiyo, wengine walikimbia na kuacha nyumba zao, na wengine wakaingia ndani yake bila kumwuliza mtu. Wengi wa walioingia walikuwa wao wenyewe wamekimbia mahali pengine, ambapo watu wengine walikuwa wamekwisha kuingia katika nyumba zao. Ndugu msikilizaji, angalia mnyororo huu. Kila mmoja amekalia kiti cha mwenzake, na kila mmoja anajiita mwenye kudhulumiwa. Na mara nyingi anasema kweli.

Mwaka 2002: moto hauna kabila

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Mto wa moto ulipita katikati ya mji mpaka ziwani. Watu karibu 120.000 walipoteza makao. Mamia ya maelfu walikimbia, wengi wakavuka kuingia Gisenyi, na wengi wakarudi baada ya siku chache tu, mawe yangali moto.

Kona yetu ilizikwa. Duka, mashini, baraza la fundi, vyote vilikuwa chini ya mwamba mweusi. Tarehe 21 Januari kituo kimoja cha mafuta katikati ya mji kililipuka, na makumi ya watu waliokuwa wakichota mafuta ndani yake wakafa. Wengi wao walikuwa watu wenye njaa, si wezi wa kazi. Tuwahurumie, na tujifunze.

Swali kubwa lilikuja baadaye: parseli ya nani iko wapi? Mawe ya mpaka hayaonekani. Miti ya ua imeungua. Hati nyingi zimekuwa majivu. Kwenye avenyu yetu wazee waliita majirani wote. Walisimama juu ya mwamba, wakapima kwa hatua kutoka ukuta mmoja uliobaki. Mmoja alisema, «Kwangu kulianzia kwenye mlango wa mashini.» Mwingine akajibu, «Kweli, na mimi nilikuwa nyuma yako.» Walibishana siku nzima, lakini hawakupigana. Jioni waliandika karatasi, na watu wakaanza kujenga kwa mbao. Mjane alikuwa amekwisha kufariki. Majirani ndio walioonyesha watoto wake mahali pa mashini ya mama yao.

Na walijenga kwa mawe yaleyale. Walipasua mwamba ulioua maduka, wakatengeneza misingi na kuta. Tazama vizuri ukifika Birere: nyumba nyingine za zamani zinaonekana kama zimezama, kwa sababu udongo mpya uko juu ya ule wa kwanza.

Kona ya siku hizi

Baada ya hapo kona ilipata sura nyingine. Fundi wa simu alikaa pale alipokaa fundi wa cherehani. Kijana mwenye meza na mwavuli aliuza yuniti, akatuma na kupokea makuta kwa simu. Kambista alipanga franga kongole na dola mezani. Vijana wa tshukudu na wa moto wakasimama uwanjani kungoja mizigo na abiria. Mwezi wa kumi na moja 2012 M23 waliingia mjini, wakatoka mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ilipasuka tena, na kwa sababu ya matetemeko ya ardhi kartiye nyingi za mji zikaamriwa kuhama. Mwezi wa kwanza 2025 vita viliingia tena, M23 wakashika mji, na mabanki yakafunga. Mwezi wa pili 2025 kambi za pembezoni mwa Goma zilivunjwa. Maelfu ya familia walishika njia ya vijiji vyao, na wengi walikuta mtu mwingine ndani ya nyumba ao ndani ya shamba.

Kila mara duka lilifungwa, na kila mara mtu alilifungua. Lakini si kila mara alikuwa mtu yuleyule, na si kila mara aliulizwa kwa mlango gani ameingia. Hapo ndipo vita vya kesho vinapojificha.

Duka moja, mabwana watatu

Sasa niruhusuni kusema kidogo kama mtu wa sheria. Tukiona duka, tunafikiri lina mwenyewe mmoja. Mara nyingi lina watatu. Wa kwanza ni mwenye parseli. Wa pili ni mpangaji, mwenye haki ya kukaa kwa sababu analipa. Wa tatu ni mwenye bidhaa, ambaye labda alimwachia mpangaji auze. Vita vikija, wote watatu wanakimbia kila mtu na njia yake. Mtu wa nne akiingia, hajachukua kitu kimoja. Amechukua haki tatu, na ametengeneza maadui watatu.

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 34, inasema mali ya mtu ni takatifu, na Serikali inalinda haki ya mali iliyopatikana kwa sheria ao kwa desturi. Mtu hanyang'anywi mali yake ila kwa faida ya wote, na kwa malipo ya haki yanayotolewa kwanza. Umoja wa Mataifa nao, mwaka 1998, ulitoa Kanuni za Kuongoza juu ya wakimbizi wa ndani. Kanuni ya 21 inasema mali iliyoachwa na waliokimbia ilindwe isiharibiwe wala isichukuliwe bila haki. Kukimbia si kuuza. Kukimbia si kutupa.

Tena, Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 inaweka watoto wa marehemu, wa kike na wa kiume, katika kundi la kwanza la warithi, na inampa mjane haki ya kuendelea kutumia nyumba ya ndoa. Shemeji anayemfukuza mjane kutoka dukani wakati wa vita naye ameingia kwa mlango wa nguvu, hata kama ni wa damu moja.

Kwako uliyekimbia

Andika leo yale unayoyakumbuka: parseli iko wapi, majirani wa pande nne ni nani, nani alikuwa mpangaji, nani anakudai na nani unamdai. Kama hujui kuandika, mwambie mtoto wa shule aandike. Hati ulizo nazo, toa kopi na uiache kwa jamaa anayekaa mahali pengine. Usiuze parseli kwa haraka kwa mtu anayejua kwamba una njaa. Kama lazima uuze, uza mbele ya mashahidi. Na siku ya kurudi, usiende kwanza kwa yule aliye ndani ya nyumba yako. Nenda kwanza kwa majirani na kwa shefu. Yule aliye ndani, labda naye ana nyumba iliyokaliwa mahali fulani.

Na wewe uliyeingia katika nyumba ya aliyekimbia kwa sababu hukuwa na mahali pa kulala: sikuiti mwizi. Lakini mlinzi si mwenyewe. Jiandikishe kwa shefu kama mlinzi. Usiuze mlango, usikate mti, usibadilishe mpaka. Mwenyewe akirudi, mwombe muda wa kutoka. Dawa ya deni ni kulipa, na wewe unadaiwa nyumba.

Kwenu, mashefu na wazee

Karatasi yenu ndogo yenye mhuri ina nguvu kuliko mnavyofikiri. Mkimwandikia mtu parseli ya aliyekimbia, mnapanda vita ambavyo watoto wenu watavivuna. Kabla ya kutia mkono, ulizeni majirani wa pande nne. Wekeni daftari la nyumba zisizo na wenyewe na la wanaozilinda. Katika barza, msimkubalie mtu aseme «wale». Mwambieni ataje jina la mtu na jambo alilofanya, ili wasio na hatia wasibebe mzigo wa mwingine. Na jambo likizidi nguvu ya barza, lipelekeni mahakamani, msiliache barabarani.

Kona ya Birere ilivunjwa na amri ya Serikali, na makuta mabovu, na bunduki, na moto wa mlima. Wakati wa mwaka 2002 ilipona upesi kwa sababu majirani walisimama juu ya mwamba wakakubaliana kusema kweli juu ya mwenzao. Wakati wa mwaka 1973 iliugua miaka mingi, ingawa hakuna jiwe hata moja lililoanguka. Mwamba unapasuliwa kwa nyundo. Lakini mtaa ambao watu wake wamekataa kushuhudia haki ya jirani, hauna nyundo ya kuujenga.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Kwenye kona ya mtaa wenu, ni maduka gani yalibadilisha wenyewe tangu mlipokuwa watoto? Kila mmoja aliingia kwa mlango gani?

2. Je, kuna nyumba ao duka la mtu aliyekimbia karibu nanyi? Nani analilinda, na shefu anajua?

3. Kama mawe ya mipaka ya avenyu yenu yangepotea kesho, nani angeshuhudia parseli yako? Na wewe ungeshuhudia ya nani?

Mungu azilinde familia zilizo njiani.